Farasi Hafugwi kwa Kufungiwa

Marehemu baba yangu alikuwa saisi katika shamba moja la Bonde la Ufa kwa muda wa miaka ishirini na mmoja, nami nilipokuwa mtoto nilizoea kumfuata kazini wakati wa likizo za shule. Katika farasi wa shamba lile walikuwako wawili ambao siwezi kuwasahau. Wa kwanza alikuwa jike mwekundu, aliyependwa na mwenye shamba kuliko mnyama mwingine yeyote. Alijengewa banda safi la mbao, sakafu yake ya saruji ikatandikwa majani makavu kila jioni, naye akalishwa shayiri, pumba na lusani asubuhi, adhuhuri na jioni. Alitolewa nje kwa saa moja tu kwa siku, na siku nyingine hakutolewa kabisa, kwa maana bwana wake alichelea asije akajikwaa katika mawe na kuvunjika mguu.

Wa pili alikuwa dume mzee aliyehasiwa, mwenye rangi ya vumbi, ambaye kazi yake ilikuwa kumchukua mlinzi kuzunguka mipaka ya shamba. Huyu hakuwa na viatu vya chuma. Alikula nyasi alizozikuta, na kila siku alipanda na kushuka kilima chenye mawe. Hakuna mgeni aliyeletwa kumtazama.

Yule jike alipofika umri wa miaka tisa alianza kusimama kwa namna ya ajabu. Miguu ya mbele aliinyosha mbele na uzito wote akautupa nyuma, kama mtu akanyagaye makaa ya moto kwa visigino. Daktari wa Mifugo aliitwa, akamtibu kwa majuma mengi, lakini mfupa ulikuwa umekwisha kushuka ndani ya ukwato. Mwisho ilibidi apigwe risasi ili asizidi kuteseka. Mwenye shamba, mtu wa makamo, alilia mbele ya watumishi wake. Baba aliporudi nyumbani jioni ile alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Tumemwua kwa mapenzi."

Wakati ule sikuyaelewa maneno hayo. Nilidhani kuwa mnyama aliyepewa chumba kizuri na chakula kingi hana analokosa. Sasa nimesoma kidogo juu ya jambo hili, nami nimeona yafaa niwaeleze wasomaji, kwa kuwa wako watu ambao hununua farasi mmoja au wawili ili kuwapandisha watoto na wageni, na jambo la kwanza wanalolifikiri ni kujenga banda. Fedha ya farasi si ndogo. Ni vema mtu ajue mnyama huyu aliumbwaje kabla hajapigilia msumari wa kwanza.

MWILI ULIOUMBWA KUTEMBEA

Farasi ni mnyama wa nyika zilizo wazi. Silaha yake dhidi ya adui ni mbio, na desturi yake ni kula huku akitembea: hatua mbili, nyasi kidogo, hatua tatu, nyasi kidogo tena. Farasi aliye huru hula kwa namna hiyo saa 14 hadi 18 katika mchana na usiku. Kwa hiyo tumbo lake ni dogo kwa kadiri ya mwili wake. Farasi wa kilo 450 ana tumbo lichukualo lita 8 hadi 15 tu, na humo ndani maji makali ya kusagia chakula hutoka daima, awe anakula au hali. Akipewa ndoo tatu za nafaka kwa siku na kuachwa saa nyingi hana cha kutafuna, maji hayo hula ukuta wa tumbo na kutia vidonda. Tena farasi hawezi kutapika kama mbwa au mtu. Kilichoingia hakina budi kupita chini, na utumbo wake ni mrefu, wenye mapinda mengi. Mnyama asiyetembea utumbo wake nao hulegea, na hapo ndipo hutokea msokoto wa tumbo, ambao umewaua farasi wengi kabla daktari hajafika.

Sasa tuitazame miguu. Toka goti kushuka chini farasi hana nyama ya misuli. Ana mifupa, kano na mishipa tu. Basi damu iliyoshuka hata ukwatoni yarudije juu? Jibu lake ni hatua. Kila ukwato ukanyagapo ardhi hupanuka kidogo, na ile sehemu laini ya chini yenye umbo la pembe tatu, pamoja na mto ulio juu yake, hubanwa, na damu husukumwa juu. Ukwato uinuliwapo, damu mpya huingia. Sisi makarani tunaokaa vitini kutwa tunajua jinsi miguu inavyovimba jioni, na jinsi inavyopata nafuu tukirudi nyumbani kwa miguu. Farasi aliyefungiwa bandani yu katika hali hiyo siku zote.

Jambo jingine ni kwamba ukwato hukua kama ukucha wa mtu, yapata sentimita moja kwa mwezi. Mahali penye mawe na changarawe husagwa kwa kadiri ile ile unavyokua. Mahali pa saruji iliyotandikwa majani, au palipo na tope laini, hausagwi. Hurefuka, hupasuka, hugeuza mwendo wa mguu mzima na kuvuta kano. Na kama majani yale yamelowa mkojo na mavi, sehemu laini ya chini huoza na kutoa harufu mbaya.

Ugonjwa uliomwua yule jike mwekundu waitwa laminaitisi. Ndani ya ukwato mfupa wa mwisho wa mguu umeshikwa na ukuta wa ukwato kwa tabaka nyingi nyembamba zilizoingiana kama kurasa za vitabu viwili vilivyoshonana. Farasi akinenepa kupita kiasi, akila nafaka nyingi au majani yenye sukari nyingi, mwili wake huvurugika na tabaka hizo huvimba na kuachana. Uzito wote wa mnyama unapoubana mfupa usio na kishikizo, mfupa hupinda na kushuka. Maumivu yake ni makali mno, kwa kuwa ukwato ni mgumu na uvimbe hauna pa kwenda.

WALIOLICHUNGUZA JAMBO HILI

Elimu hii si ya jana. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki mmoja aitwaye Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu juu ya kuwatunza farasi. Nyakati hizo Wagiriki hawakuwapigilia farasi wao viatu vya chuma, na maisha ya askari yalitegemea kwato za mnyama wake. Xenophon alishauri yamwagwe magari manne au matano ya mawe ya mviringo yenye kujaza mkono, katika uwanja wa nje ya banda, ili farasi asimame juu yake kila siku na kwato zake zipate kuwa ngumu.

Katika nyakati zetu Mmarekani mmoja, Jaime Jackson, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu, alikwenda kuwatazama farasi wa porini katika nchi kavu ya magharibi ya Marekani, iitwayo Great Basin, toka mwaka wa 1982 hata 1986. Farasi hao ni wajukuu wa farasi waliowatoroka wenyewe au kuachiliwa zamani. Hawana banda, hawana saisi, wala hawana mhunzi. Aliona kwato zao ni fupi, za mviringo na ngumu. Tena aliona kwamba hawatangitangi ovyo, bali wana njia zao walizozoea, toka maji hadi malisho, toka malisho hadi mahali pa chumvi na mahali pa kugaagaa. Baadaye, katika miaka ya kwanza ya karne hii ya 21, aliandika kitabu kiitwacho Paddock Paradise, akawashauri wafugaji wawatengenezee farasi njia badala ya kuwapa chumba au uwanja mtupu.

Huko Australia nako mtaalamu Brian Hampson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland waliwavika farasi mikanda ya shingoni yenye vyombo vya kupima mwendo, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 2010. Farasi aliyewekwa katika kiwanja cha mita 6 kwa 6 alitembea yapata kilomita 1 tu kwa siku. Aliyewekwa katika uwanja wa hekta 16 alitembea yapata kilomita 7. Lakini farasi wa porini katika nchi kame ya Australia walitembea kilomita 16 kwa wastani, na wengine walionekana umbali wa kilomita 55 kutoka mahali pa maji.

Katika hesabu hizo tunajifunza neno moja kubwa. Ukubwa wa uwanja peke yake hautoshi. Farasi aliyepewa malisho mapana yenye nyasi tele hana sababu ya kutembea. Husimama akala na kunenepa. Farasi hutembea kwa kuwa kitu anachokitaka kiko mbali.

NJIA BADALA YA CHUMBA

Basi mkulima mwenye ekari chache afanyeje? Na atwae, kwa mfano, shamba la ekari mbili na nusu, ambalo kila upande wake ni mita 100 hivi. Asiwaachie farasi shamba zima. Ajenge wigo wa pili ndani ya ule wa nje, akiacha kati yake nafasi ya mita 4 au 5, mpaka ipatikane njia inayozunguka shamba lote. Mzunguko wake utakuwa karibu mita 400. Farasi wakizunguka mara kumi tu wamekwisha kwenda karibu kilomita 4, na hapana mtu aliyewachapa wala kuwaongoza kwa kamba. Nyasi za katikati huachwa zikue, zikakatwe na kukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Penye pembe njia ipanuliwe, farasi mnyonge asije akabanwa na kupigwa mateke.

Kisha aweke vitu mbali mbali. Maji yawe upande mmoja, jiwe la chumvi upande wa pili, kivuli mahali pa tatu. Farasi wa kilo 400 huhitaji yapata kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku. Zisiwekwe pamoja, bali zigawanywe mafungu manane au zaidi yaliyotawanywa njiani, ili amalizapo fungu moja alifuate jingine. Hivyo atakula kidogo kidogo kutwa na kucha, kama tumbo lake litakavyo.

Ardhi nayo isiwe ya namna moja. Penye maji pamwagwe kokoto za mviringo, maana hapo farasi watasimama kila siku wapende wasipende. Mahali pengine pawe na mchanga mkavu wa kugaagaa. Kama shamba lina mteremko, njia ipitishwe papo hapo, kwa kuwa kupanda huimarisha mgongo na mapaja, na kushuka humfundisha mnyama kuziangalia hatua zake. Magogo mawili matatu yalazwe njiani ili ainue miguu. Mfugaji aogopaye kwamba farasi wake atajikwaa na akumbuke kuwa mnyama aliyezoea mawe huyatazama. Asiyeyazoea ndiye huanguka siku atakapokutana nayo.

Mwisho, farasi asiwekwe peke yake. Mnyama huyu huishi kwa kundi, na aliye peke yake husimama langoni akilia. Wakiwa wawili au watatu, mmoja akiondoka wengine humfuata, na hivyo kundi zima hutembea.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Nisije nikadhaniwa kuwa nasema kila kitu cha porini ni chema. Wataalamu wale wale wa Australia walipozichunguza kwato za farasi wa porini huko, na za wale wa Kaimanawa katika New Zealand, waliona magonjwa ya kwato hata miongoni mwao, laminaitisi ikiwamo. Tunachukua katika maisha ya porini lile lifaalo, na lile lisilofaa tunalirekebisha kwa akili.

Kwanza, mambo haya yafanywe pole pole. Farasi aliyekaa bandani miaka mitano ana kwato laini kama nyayo za mtoto wa shule aliyezoea viatu. Aanze kwa ardhi laini na muda mfupi, kisha aongezewe mwezi kwa mwezi. Kama ana viatu vya chuma, visitolewe bila shauri la mtu aijuaye kazi hiyo.

Pili, farasi aliyekwisha kushikwa na laminaitisi asilazimishwe kutembea hata kidogo. Akisimama kwa namna niliyoieleza, au kwato zake zikiwa na moto na mishipa ya mguuni ikipiga kwa nguvu, aondolewe kwenye nafaka na majani mabichi, asimamishwe mahali laini, na Daktari wa Mifugo aitwe siku ile ile. Kutembea ni kinga ya ugonjwa. Kwa ugonjwa uliokwisha kuingia kwaweza kuung'oa mfupa mahali pake.

Tatu, na hili latuhusu sisi zaidi, katika Afrika uko ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi. Wadudu hao wadogo huuma hasa toka jua linapokuchwa hata linapochomoza, na huzidi baada ya mvua kubwa. Punda milia hubeba vijidudu vya ugonjwa huo bila kuugua, lakini farasi hupata homa, hushindwa kupumua, hutoka povu puani, na wengi hufa kwa muda wa siku chache. Kwa hiyo mfugaji wa huku hawezi kuiga yote yafanywayo Marekani. Farasi wachanjwe kila mwaka kwa shauri la daktari, na mahali penye usubi waingizwe ndani kabla ya magharibi na kutolewa jua likiisha kupanda. Banda lina kazi yake, nayo ni ya usiku. Kosa ni kuligeuza liwe gereza la mchana pia.

Nne, kupe wang'olewe kila siku, maji yawe safi, na kwato ziinuliwe na kusafishwa. Hata farasi anayetembea katika mawe kwato zake zitazamwe kila baada ya majuma sita au manane, na zikatwe zikizidi. Njia nzuri haimwondolei mfugaji kazi, humpunguzia hasara.

NA PUNDA JE?

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina farasi wala sitampata." Lakini pengine ana punda, na punda ni ndugu wa farasi. Mababu zake ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki ya Afrika, katika nchi kavu za mawe zisizo mbali nasi. Kwato zake nyembamba ziliumbwa kwa vilima vya miamba, na tumbo lake kwa nyasi ngumu za kiangazi. Ukimfunga punda mtini kwa kamba fupi, mahali penye tope, siku zote asipokuwa na mzigo, kwato zake zitarefuka na kujikunja. Na ukimlisha mahindi mengi kwa kumhurumia, shingo yake itajaa mafuta hata ianguke upande mmoja, na laminaitisi itamfuata kama ilivyomfuata farasi. Siku atakaposhindwa kwenda mtoni, maji yatachukuliwa na mama wa nyumba kwa mgongo wake. Mfungue basi, mpe mwenziwe na mahali pakavu penye changarawe, na chakula chake kitawanye.

Mwaka ule ule jike mwekundu alipouawa, banda lake lilibaki wazi. Mwenye shamba alimwamuru baba amhamishie humo yule mzee wa rangi ya vumbi, apumzike baada ya kazi ya miaka mingi. Baba alimvulia kofia akamwambia, "Bwana, ukitaka kumpa heshima, mwachie kilima chake." Yule bwana alifikiri kidogo, akakubali. Mzee yule aliendelea kupanda na kushuka kila siku, kwanza na mlinzi, na baadaye, macho yake yalipofifia, peke yake, kwa kuwa njia aliijua. Aliishi hata akapita miaka ishirini na minane, na asubuhi aliyokutwa amekufa alikuwa amelala huko juu kilimani, penye nyasi fupi, si bandani.

Mwenye kutaka kumfuga farasi na ajenge banda, sina neno. Lakini kabla ya kuhesabu mbao, na ahesabu kwanza hatua ambazo mnyama wake atakwenda kila siku.